Kifaa Hakipo Madukani Mombasa: Jinsi ya Kukitafuta na Kukiagiza Mtandaoni Bila Kuliwa Pesa

Ukitaka chaja ya simu, spika ya bluetooth au televisheni, Mombasa hukosi. Shuka Barabara ya Digo, kata Moi Avenue, zunguka Mwembe Tayari, utaonyeshwa mpaka uchoke mwenyewe. Shida huanza ukitaka kitu kisichotakwa na kila mtu: betri ya laptop ya zamani, redio ya masafa mafupi ya mzee anayependa idhaa za ng'ambo, adapta yenye pini ya ajabu, lenzi ya kamera, kisoma vitabu. Hapo kuna majibu matatu, na mkaazi wa mji huu ameshayasikia yote. La kwanza: "Hiyo haipo." La pili: "Mzigo uko njiani, pita Jumatatu." La tatu ndilo la kuogopa: "Hiyo haipo, lakini chukua hii, ni kitu kimoja."

Wenye maduka hawana makosa. Duka la mjini lina kodi ya kila mwezi na rafu chache, basi hujazwa kinachotoka haraka. Kitu kinachouliziwa mara mbili kwa mwaka ni pesa iliyolala. Na ajabu ya mji wetu ni kwamba kontena laweza kushukia Kilindini, likapita machoni petu kwenda Nairobi, halafu bidhaa zikarudi huku kwa basi, zimeshaongezwa bei njiani.

Watu wengi hukata shauri la dukani au mtandaoni kwa kulinganisha bei. Kwangu mimi bei huja baadaye. Swali la kwanza ni hili: kifaa kikiwa kibovu, au kisipofika kabisa, hasara itabaki kwa nani? Ukiweza kulijibu kabla ya kutoa pesa, utajua pa kununua. Ukishindwa kulijibu, jua jibu ni wewe. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka swali hilo.

Hatua ya 1: Kijue unachokitafuta kwa jina na namba

"Chaja ya laptop ya HP" si maelezo. Kampuni moja hutoa chaja za aina nyingi, na muuzaji atakupa ile aliyonayo. Chukua kifaa chako, kigeuze, soma kibandiko, kipige picha iliyo wazi. Kama ni betri, itoe na usome namba iliyo juu ya betri yenyewe, maana modeli moja ya laptop yaweza kuwa ilitoka na betri zaidi ya aina moja.

Kwa betri za laptop, tazama volti. Iliyoandikwa 10.8V na iliyoandikwa 11.1V kwa kawaida hubadilishana, kwa kuwa zote zina seli tatu mfululizo. Vivyo hivyo 14.4V na 14.8V, ambazo ni za seli nne. Usichanganye kundi moja na jingine, hata kama umbo linaingia.

Kwa chaja, volti ziwe zilezile. Ampea ziwe sawa au zizidi, zisipungue. Kisha pini. Pini ya milimita 5.5 kwa 2.1 na ya 5.5 kwa 2.5 huwezi kuzitofautisha kwa jicho, lakini moja itaingia na nyingine ama itagoma ama itacheza ndani na kukatakata umeme. Tazama pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za jumlisha na kutoa, uone kama umefanana. Haya yote yaandike mahali pamoja kwenye simu yako, pamoja na picha. Yatakuokoa na ule msemo wa "ni kitu kimoja".

Hatua ya 2: Zunguka mji kwa simu kabla ya kuzunguka kwa miguu

Duka karibu lolote la vifaa hapa lina namba ya WhatsApp iliyobandikwa mlangoni au kwenye mfuko wa nailoni wanaokutilia bidhaa. Anza nayo. Tuma picha na maneno machache yenye adabu: "Assalamu alaikum ami. Natafuta betri ya laptop, namba yake iko kwenye picha. Kama kwako haipo, wamjua anayeweza kuwa nayo?" Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida. Wenye maduka wanajuana, na mara nyingi ami atakuelekeza kwa mwenzake wa mtaa wa pili kwa hiari yake, kwa sababu kesho huyo wa pili naye atamletea mteja.

Usiwasahau mafundi. Fundi wa laptop au redio mwenye meza ya siku nyingi ana shehena ya mashine zilizokufa, na kipuri chako chaweza kuwa ndani ya mojawapo. Hata kama hana, ndiye atakayekwambia ukweli ambao muuzaji hana haja ya kukwambia: kwamba betri ya modeli hiyo siku hizi haitengenezwi na kampuni yenyewe, na kila utakayoipata ni ya kuiga, basi tafuta ya kuiga iliyo nzuri.

Kama unatoka Likoni, Ukunda, Mtwapa au Kilifi, hesabu nauli na foleni ya feri au ya barabara ndani ya bei. Ijumaa mchana usijitume, maduka mengi ya mjini hufungwa kwa swala na utabaki umesimama barazani.

Ukikipata dukani, kijaribu hapohapo. Duka lina ubora mmoja ambao mtandao hauna: unaweza kushika kitu na kukiwasha kabla pesa haijatoka. Basi utumie ubora huo. Nenda na laptop yako. Tia betri, iache ichaji dakika ishirini, uone asilimia inapanda. Tazama kama alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipo. Bidhaa yenye alama ile ya viwango ina namba ya kibali chini yake, nawe unaweza kutuma neno SM, alama ya reli (#), kisha namba hiyo kwenda 20023, ujibiwe ni ya nani. Alama iliyochapishwa bila namba ni pambo tu.

Kisha risiti. Iwe na jina la duka, tarehe, namba ya kifaa, na muda wa waranti umeandikwa kwa kalamu. Waranti ya mdomo hudumu mpaka unapovuka barabara.

Na kuna njia ya katikati ambayo wengi huiruka: mwambie mwenye duka akuagizie. Akikubali, toa kitu kidogo cha kuonyesha nia, si bei yote, na risiti iseme namba kamili ya kifaa na kwamba kisipokuwa chenyewe pesa inarudi. Atakuongezea mia kadhaa, pengine elfu. Kwa maoni yangu pesa hiyo ni halali yake. Umempa kazi ya kugombana na muuzaji wa Nairobi, na kifaa kikija kibovu kitakuwa juu ya kaunta yake, si juu ya meza yako.

Hatua ya 3: Mzigo wa Nairobi kwa basi

Kitu kisichopatikana Mombasa mara nyingi kipo Luthuli Avenue, Nairobi. Kukileta si tabu. Mabasi ya usiku hubeba vifurushi, na asubuhi unachukua ofisini kwao kwa kitambulisho na namba ya mzigo. Tabu ni muuzaji usiyemjua anayekwambia, "Tuma pesa yote, nikupandishie leo." Akikuonyesha picha ya karatasi ya mzigo, picha hiyo si ushahidi. Karatasi moja yaweza kupigwa picha na kutumiwa watu kumi.

Bora umtume mtu wako. Karibu kila nyumba ya hapa ina mpwa anayesoma Nairobi au shemeji anayefanya kazi huko. Mpe picha na vipimo, aende dukani, akijaribu, alipe, akipeleke basini mwenyewe. Usipokuwa na mtu, mwombe muuzaji apeleke mzigo kwanza, kisha wewe piga simu ofisi ya basi kwa namba uliyoichukua kwao Mwembe Tayari, si ile aliyokupa yeye. Waulize kama mzigo wenye namba ile upo. Akikataa mpango huo, mwache.

Hatua ya 4: Jua uko kwenye mtandao wa aina gani

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa sababu huita kila kitu "mtandaoni" kana kwamba ni mahali pamoja.

Kuna majukwaa yanayopokea pesa yenyewe, kama Jumia na Kilimall kwa hapa Kenya, na AliExpress, Amazon na eBay kwa nje. Muuzaji aweza kuwa mtu mwingine kabisa, lakini wewe unalipa jukwaa, na jukwaa lina utaratibu wa kurudisha bidhaa na pesa. Kwa AliExpress, pesa yako hushikwa mpaka muda wa kupokea upite au uthibitishe kuwa umepokea. Hapa hasara ina mahali pa kwenda.

Kisha kuna mabaraza ya matangazo: Jiji, Facebook Marketplace, kurasa za Instagram, makundi ya WhatsApp. Haya yanakutanisha tu. Pesa inatoka kwako kwenda kwa mtu, na baada ya hapo ni wewe na yeye. Vitu vizuri vipo humo, hasa vya mkono wa pili na vile adimu ambavyo duka haliweki. Lakini kanuni yake ni moja: mkutane, uone, ujaribu, ndipo ulipe. Mkutane mchana, mahali penye watu na penye umeme wa kujaribia. Duka kubwa la Nyali au mkahawa wa mjini panafaa. Uchochoro wa "njoo tu, nitakuelekeza ukifika" haufai.

Kwenye simu za mkono wa pili kaza zaidi. Bonyeza *#06# itoke namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu kumi na tano, uilinganishe na ya boksi na ya risiti. Hakikisha mwenye simu ametoa akaunti yake ya Google au ya Apple mbele yako, kwa nywila yake, kabla hujalipa. Asiyeikumbuka nywila ya simu "yake" amekwambia jambo kubwa. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na kifungo chake kinafika miaka 14. Bei ya chini haitakutetea ukiwa ulikuwa na kila sababu ya kushuku.

Aina ya tatu ni tovuti ya peke yake, duka usilolijua, yenye picha nzuri na punguzo la asilimia sabini linaloisha "leo usiku". Tafuta anwani halisi, namba ya simu inayopokelewa, na masharti ya kurudisha bidhaa. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi. Matapeli hupenda jina la duka maarufu lenye herufi moja iliyozidi. Mimi huwa sijisumbui nazo, nazipita tu.

Hatua ya 5: Soma tangazo kwa jicho la mnunuzi

Bidhaa ya uongo ina hesabu zisizokubali. Chukua power bank. Iliyoandikwa mAh 20,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba), ukizidisha kwa volti 3.7 za seli, unapata saa-wati 74. Ukitoa kinachopotea kwenye kubadili umeme, itaijaza simu ya kawaida ya mAh 5,000 mara tatu hivi, si mara nne. Hiyo ni ya kweli. Sasa unaona tangazo la power bank ya mAh 100,000 inayoingia mfuko wa shati. Seli moja nzuri ya lithiamu ya ukubwa wa 18650 hubeba kama mAh 3,000 na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Utahitaji seli zaidi ya thelathini, kilo moja na nusu ya seli tupu. Tazama uzito ulioandikwa kwenye tangazo. Na ukiwa dukani, omba mizani ya muuza sukari wa jirani, haisemi uongo.

Flash disk na kadi za kumbukumbu ni mchezo uleule. Ya terabaiti mbili kwa bei ya chai na mahamri huwa ni ya gigabaiti chache iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Utahifadhi picha za harusi, zitaonekana zimeingia, lakini hazimo. Kuna programu za bure zinazojaza kadi yote na kuisoma upya: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Ijaribu siku ileile inapofika, maana muda wa kurudisha unahesabiwa.

Kwenye maoni ya wanunuzi, usianze na nyota tano. Anza na nyota mbili na tatu. Hao ndio wanunuzi waliotumia kitu kweli na wana la kusema. Tafuta picha zilizopigwa na wanunuzi wenyewe, na maoni yanayotaja namba ya modeli yako. Maoni mia ya "nzuri sana, imefika haraka" hayakwambii kama betri inadumu.

Soma pia anayeuza ni nani. Kwenye Jumia au Amazon bidhaa moja yaweza kuwa na wauzaji kadhaa chini ya picha ileile. Jina la kampuni lililo kwenye picha si jina la muuzaji.

Hatua ya 6: Kulipa

Kama kuna nafasi ya kulipa mzigo ukifika, ichukue, hata kama mtoa huduma haruhusu ufungue boksi kabla ya kulipa. Angalau umejua mzigo upo na una jina lako.

M-Pesa imeturahisishia maisha tangu 2007, na ndiyo sababu matapeli nao wameipenda. Kulipa kwa Lipa na M-Pesa au Paybill ya biashara hukuachia jina la biashara kwenye ujumbe, jina ambalo linaweza kufuatiliwa. Kumtumia mtu kwenye namba yake hukuachia jina la mtu, pengine la laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi asiyejua lolote. Kabla pesa haijaondoka jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Kama tangazo ni la "Coast Gadgets" na jina ni la mtu asiyehusiana, simama, uliza kwanza.

Ukikosea namba, unaweza kuupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe. Lakini huo ni mlango wa aliyekosea namba. Tapeli anatoa pesa kabla hujamaliza kuandika, na Safaricom haiwezi kurudisha kilichokwisha kutolewa. Ujumbe wa utapeli wenyewe, wa "umeshinda" au "tuma kwa namba hii mpya", upeleke 333.

Kwa kununua nje, usitoe kadi ya benki yenye mshahara wako wote. Tangu 2022 kuna kadi ya Visa isiyoshikika ndani ya M-Pesa, inayoitwa GlobalPay, ambayo huchota kwenye salio lako la M-Pesa tu. Unaweka kiasi cha bidhaa, unalipa, basi. Hata namba ikiibwa, mwizi anakuta kisima kikavu. PayPal nayo ina ulinzi wa mnunuzi, na malalamiko hupokelewa mpaka siku 180 baada ya malipo, lakini ulinzi huo haupo ukituma pesa kwa njia ya ndugu na marafiki. Muuzaji anayekuomba utumie njia hiyo "ili tuepuke makato" anakuomba uvue koti la mvua.

Kuna maneno ambayo ukiyasikia unafunga mazungumzo. "Tulipane nje ya jukwaa nikupunguzie." "Tuma ada ya usafiri kwanza, mengine ukipokea." "Kuna mteja mwingine yuko njiani." "Nisomee hiyo namba iliyoingia kwenye simu yako." Hilo la mwisho hasa: hakuna muuzaji, benki wala mtoa huduma anayehitaji namba ya siri iliyotumwa kwako.

Hatua ya 7: Ukiagiza ng'ambo, hesabu kabla ya kubonyeza

Bei ya kwenye skrini si bei ya Mombasa. Tuseme kifaa ni Sh 10,000 na usafiri Sh 2,000. Ushuru wa forodha hutegemea aina ya bidhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia kwa bidhaa nyingi. Kompyuta ziko kwenye sifuri. Kifaa chako kikiwa kwenye 25, ushuru ni Sh 3,000. Kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya jumla ya Sh 15,000, yaani Sh 2,400. Umefika Sh 17,400, na bado kuna ada ndogo za uagizaji na za mshughulikiaji. Baadhi ya majukwaa hukusanya kodi unapolipa, mengine hukuachia ukutane nayo wakati wa kuchukua mzigo. Angalia ukurasa wa malipo kabla ya kufurahia bei.

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu za bapa. Chaja iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi popote, unahitaji adapta ya plagi tu. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa 120V peke yake kitaungua siku ya kwanza. Vya Dubai havina shida hiyo, plagi na umeme wao ni kama wetu. Simu za Marekani ziepuke kama hujui unachonunua: huenda zimefungwa kwa mtandao wa huko, na baadhi ya matoleo ya huko hayana masafa ya 4G ya megahezi 800 yanayotumika hapa.

Betri ya peke yake ni kesi ngumu. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zisizokuwa ndani ya kifaa au pamoja nacho haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana wauzaji wengi wa nje hawaitumi Kenya, au huituma kwa bahari na ikakawia miezi. Kwa betri ya laptop, rudi kwa ami au Luthuli. Ukimwagiza ndugu anayerudi kutoka Ghuba akuletee power bank, mwambie aiweke kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linalopimwa, na isizidi saa-wati 100. Ya mAh 20,000 imo ndani ya mpaka huo.

Vitu vingine vina mwenyewe serikalini. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuingizwa, kwa kanuni za 2020. Woki-toki, redio za boti na vikuza mtandao vinahusu Mamlaka ya Mawasiliano. Vikiingia bila karatasi vitashikwa forodhani, na gharama ya kuhifadhiwa ni yako.

Kuhusu kampuni zinazokupa anwani ya Marekani au Uingereza na kukuletea mzigo kwa kilo: zinasaidia kwa muuzaji asiyetuma Kenya, na mimi sizipingi. Ila jua ulinzi umekatika katikati. Muuzaji atasema alifikisha salama, msafirishaji atasema alipokea boksi limefungwa, nawe utabaki na boksi. Kwa kitu cha gharama kubwa waombe walifungue huko na kupiga picha kabla ya kulisafirisha. Wengine hufanya kwa ada ndogo.

Anwani nayo iandike kwa akili. Nyumba zetu nyingi hazina namba, basi tumia sanduku la posta na 80100 kwa posta kuu ya Mombasa, au weka alama inayojulikana: msikiti, shule, stesheni ya mafuta. Namba ya simu iwe sahihi na iwe hewani, kwa kuwa mleta mzigo anaifuata hiyo kuliko anwani.

Hatua ya 8: Mzigo umefika

Rekodi video bila kuikatiza: boksi likiwa bado limefungwa na kibandiko kikionekana, unavyolifungua, mpaka kifaa kinawaka au kinakataa. Ndiyo silaha pekee ya kweli kwenye malalamiko ya mtandaoni. Wasiliana kupitia jukwaa lenyewe, usihamie WhatsApp ya muuzaji hata akikuita "rafiki yangu". Kwa eBay una siku 30 tangu mzigo ufike. Mengine yana muda wake, usome siku uliyonunua. Muuzaji akikwambia "subiri kidogo, tutakutumia kingine", anavuta muda uishe. Fungua malalamiko kwanza, subiri baadaye. Boksi na makaratasi yaweke mpaka muda wa kurudisha upite.

Kwa muuzaji wa hapa Kenya aliyekuuzia feki au aliyegoma kurudisha pesa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko upande wako. Bidhaa bandia zina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Mienendo mibaya ya biashara ipeleke Mamlaka ya Ushindani. Utapeli mtupu ni wa polisi: piga ripoti, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Na kama ni pesa unayodai, isiyozidi Sh milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo ipo Mombasa. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Nenda na risiti, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa, pamoja na jina kamili na mahali pa kumpata unayemdai. Ukimtaja kama "Ami wa simu" au jina la ukurasa wa Instagram peke yake, karani hatakuwa na wa kumwandikia hati.